Programu Ikiandikwa na Mashine, Mwanafunzi Amejifunza Nini?

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, wazazi na walimu wao, Kigoma mjini

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, viongozi wa mtaa mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na ninyi vijana ambao ndio wenye siku: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie zana za akili mnemba, yaani AI, na kujifunza kuandika programu. Nitataja msimamo wangu mapema. Zana hizi ni nzuri, mimi nazitumia kazini kila siku, na bado nasema mwanafunzi anayeanza asizipe kazi ya kumwandikia programu. Wapo watakaoona hayo yanagongana. Muda niliopewa nitautumia kuonyesha kwamba hayagongani.

Kwa wazazi ambao mambo haya ni mageni: programu ni maelekezo ambayo kompyuta au simu inayafuata neno kwa neno. Menyu ya kutuma pesa kwenye simu yako ni programu. Mita ya luku nyumbani kwako ina programu ndani yake. Kwa miaka mingi maelekezo hayo yaliandikwa na mtu, mstari kwa mstari. Juni 2021 kampuni ya GitHub ilitoa kwa majaribio zana inayoitwa Copilot: unaanza mstari, nayo inakumalizia, wakati mwingine inakuandikia ukurasa mzima. Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ikafungua ChatGPT kwa umma, na tangu hapo mtu yeyote mwenye bando anaweza kuandika, "Nitengenezee programu ya kurekodi mauzo ya duka," kwa Kiswahili hiki hiki, akaletewa programu kabla chai haijapoa. Leo zipo zana zinazofungua mafaili yako zenyewe, zinaandika, zinajaribisha, zinakutana na kosa, zinasahihisha, na wewe umekaa unatazama.

Sitaki mzazi yeyote atoke hapa akamnyang'anye mtoto simu. Sisi tuliojifunza zamani kidogo tunakumbuka hali ilivyokuwa huku kwetu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kimepita mikono mingi, kurasa za mwisho zimeng'oka. Mwalimu wa kompyuta, kama yupo, alifundisha kuwasha mashine, kuandika barua na kuprinti. Ukikwama unasubiri mgeni kutoka Dar es Salaam. Ilipokuja tovuti ya Stack Overflow mwaka 2008 tulipata pa kuuliza, lakini uulize kwa Kiingereza kilichonyooka, na swali lako lisiwe limeshaulizwa na mwingine, la sivyo linafungwa watu wote wanaona. Wengi tulisoma majibu ya maswali ya wenzetu miaka na miaka bila kuthubutu kuuliza letu.

Leo binti wa Gungu anauliza saa sita ya usiku, kwa Kiswahili chake, kwa nini luupu yake, yaani sehemu ya programu inayojirudia, haisimami. Anajibiwa. Hachekwi, haambiwi swali lake ni la kitoto, na akirudia kuuliza anajibiwa kwa upole ule ule wa mara ya kwanza. Hakuna mwalimu mwenye darasa la watoto sitini anayeweza kumpa kila mmoja hivyo. Hili ni jambo kubwa kwa mkoa kama wetu, na nalishukuru kwa moyo wangu wote.

Ila angalieni kitu kimoja kuhusu yale majibu ya zamani. Jibu ulilolikuta Stack Overflow lilikuwa la mtu wa nchi nyingine, mwenye tatizo linalofanana na lako bila kuwa lako. Yeye anahesabu vitabu, wewe unahesabu madumu ya mawese. Ili likufae ulilazimika kulisoma, ujue mstari upi unafanya nini, ubadilishe majina, uondoe yasiyokuhusu, uongeze yaliyokosekana. Ulikuwa unanakili, ndiyo, na katika kunakili huko ulikuwa unajifunza, maana jibu halikukaa kwenye tatizo lako mpaka ulipolirekebisha kwa mkono wako. Zana za leo zinakuletea jibu lililokwisha kurekebishwa: majina ni yako, madumu ni yako, faili ni lako. Ile kazi ya katikati, ambayo ndiyo ilikuwa inatufundisha bila sisi kujua, imeondoka, na wengi hawajaona kwamba imeondoka.

Mwaka 1985 msomi wa kompyuta wa Denmark, Peter Naur, aliandika makala ambayo nawasihi wanafunzi wangu waisome wakikomaa. Anasema kuandika programu ni kujenga uelewa kichwani: jinsi programu inavyohusiana na shughuli za watu inazozihudumia, kwa nini kila sehemu iko ilivyo, na ikitakiwa ibadilike ibadilishwe wapi. Mistari iliyoandikwa ni sehemu tu ya hayo. Watu wenye uelewa huo wakiondoka, programu inakufa, hata kama kila mstari wake umehifadhiwa vizuri, kwa kuwa hakuna aliyebaki anayejua kuigusa bila kuiharibu. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijaona maelezo ya kweli kuliko hayo. Sasa jiulizeni, zana inapoandika programu nzima jioni moja, uelewa huo umejengwa kichwani mwa nani?

Niwape mfano wa hapa hapa. Kuna kijana namfahamu, mwerevu na mwenye bidii, aliyemtengenezea mama mmoja wa Kibirizi programu ya kurekodi dagaa. Mama ananunua dagaa wakavu kwa watu wengi, kila mmoja na kigunia chake. Anapima kwenye mizani, anaandika daftarini. Kwa makubaliano yao ya siku zote kilo zinaandikwa nzima nzima: chini ya nusu inaachwa, nusu na kuzidi inapanda. Programu iliandikwa na akili mnemba kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ikapendeza. Ina rangi, ina picha ya samaki, inatoa risiti. Baada ya muda wauzaji wakaanza kunung'unika. Kilo za kwenye risiti haziendani na za kwenye daftari, tena si kwa kila mtu: huyu kapunjwa, yule yuko sawa.

Kijana akarudi kwenye zana yake. Akaandika, "Kilo hazilingani na daftari, rekebisha." Zana ikaomba radhi, ikabadilisha sehemu ya kujumlisha. Bado. Akaandika tena, ikabadilisha sehemu ya kuhifadhi. Bado. Kila mara ilimweleza kwa ufasaha kwamba sasa tatizo limekwisha, kila mara programu ikarefuka, na kilo zikaendelea kupotea.

Aliyelimaliza jambo hilo ni binti anayejifunza kwa njia ya polepole ninayoitetea hapa. Hakufungua zana yoyote. Aliomba daftari la mama. Akatafuta kigunia chenye malalamiko: mizani ilisoma 12.5, mama ameandika 13, risiti inasema 12. Akatafuta kingine chenye nusu kisicho na malalamiko: mizani 13.5, mama 14, risiti 14. Kisha akaweka ndani ya programu amri ya kuonyesha namba kwenye skrini kabla na baada ya kila hatua, akapitisha 12.5, 13.5, 14.5 na 15.5. Zikatoka 12, 14, 14 na 16. Akaiona. Amri ya Python iitwayo round, ikikutana na nusu kamili, inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo mwenye 12.5 na mwenye 14.5 wanapunjwa, mwenye 13.5 na mwenye 15.5 wako salama.

Python haikukosea. Kanuni hiyo ina sababu: ukipandisha nusu kila mara, kwenye maelfu ya namba jumla yako inavimba, ila nyingine zikipanda na nyingine zikishuka, zinafidiana. Kwa mtakwimu ni kanuni njema. Kwa mama aliyekubaliana na watu wake kwamba nusu inapanda, ni kumkata mtu kilo nzima ya dagaa wa Kigoma, na bei yake mnaijua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu. Baadaye tuliiuliza zana ile ile, "Kwa nini Python inageuza 12.5 kuwa 12?" Ilijibu papo hapo, kwa usahihi, ikaeleza na sababu. Jibu lilikuwamo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali lenyewe. Kijana hakuliuliza kwa sababu hakujua namba inapita wapi ndani ya programu aliyoiita yake, kwa hiyo hakujua aangalie wapi. Binti alijua, kwa kuwa alikwisha kuandika kwa mkono wake programu nyingi ndogo zilizokosea, akazoea kuifuata namba hatua kwa hatua mpaka pale inapogeuka. Alianza na daftari na mizani, akaja kwenye msimbo, yaani ile mistari ya maelekezo, mwishoni. Mazoea hayo hayapatikani kwa kutazama zana ikifanya kazi. Yanapatikana kwa kukwama, kuudhika, kusoma tena, na kutoka.

Utafiti nao unaelekea huko. Watafiti waliowahi kufanya jaribio katika shule ya sekondari nchini Uturuki, wanafunzi karibu 1,000, somo la hisabati, waliwagawa makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi na vitabu na madaftari yao kama kawaida. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida inayojibu chochote. La tatu lilipewa akili mnemba iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo na isitoe jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Mzazi akiona alama hizo anachinja kuku. Kisha ukaja mtihani, zana zikawekwa pembeni. Kundi la pili likaanguka, asilimia 17 chini ya wale wa vitabu. Kundi la vidokezo likawa sawa na wa vitabu. Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba wale walioanguka hawakujiona kama wamejifunza kidogo. Waliamini wako vizuri.

Hiyo ni hisabati, na programu ina mambo yake. Lakini aliyewahi kufundisha vyote viwili anaijua ile sura ya mwanafunzi anayesema "nimeelewa" kwa sababu ameliona jibu likiwa limeandikwa vizuri. Kuelewa jibu la mwingine ni rahisi. Hata mimi nikimwangalia fundi wa boti pale mwaloni akiunga mbao najiona naelewa.

Hisia ya kwenda haraka nayo si ya kuamini sana. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwachukua waandishi wa programu 16 wazoefu, ikawapa kazi 246 kwenye miradi waliyoizoea, nyingine kwa zana na nyingine bila zana. Kabla ya kuanza walitarajia zana zitawapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza walisema zimewapunguzia asilimia 20. Saa ilionyesha wamechelewa kwa asilimia 19. Sisemi zana zinamchelewesha kila mtu. Wale walikuwa ni mabingwa ndani ya miradi yao, na zana zenyewe zinabadilika kila mwezi. Nasema tu kwamba kama bingwa anaweza kudhani ameokoa muda kumbe ameupoteza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje kama amejifunza?

Kuna hoja inayoletwa na wenzangu wenye busara, nami naiheshimu. Wanasema: kila kizazi cha kompyuta kimelalamika hivi. Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotengeneza mwaka 1952 programu ya kuifanya kompyuta yenyewe iunganishe maelekezo, wapo waliosema hilo haliwezekani. Kampuni ya IBM ilipotoa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1957, mafundi wa lugha ya mashine, ile ya namba tupu ambayo kompyuta inaifuata moja kwa moja, waliona watu wanadekezwa. Leo hakuna anayelia kwamba vijana hawajui lugha ya mashine. Basi na hii ni hatua nyingine tu ya kupanda.

Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Tofauti ni hii: FORTRAN ina kanuni zilizoandikwa. Ukiipa maelekezo yale yale mara elfu, itafanya kile kile mara elfu, na kikikosewa ni wewe umekosea. Unaweza kuiamini bila kuingia ndani yake. Akili mnemba unaielekeza kwa maneno ya kawaida, yenye maana zaidi ya moja, nayo inakisia. Mara nyingi inakisia vizuri sana. Wakati mwingine inaita maktaba ya msimbo, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa na wengine, ambayo haijawahi kuwepo, kwa jina zuri kabisa, na watafiti wa usalama wameonya kwamba wahalifu wanaweza kusajili majina hayo ya uongo wakaweka humo msimbo wa kuiba. Kwa hiyo anayeitumia lazima akague. Na wa kukagua ni nani, kama si mtu anayejua kuandika? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2022 walikuta kwamba waliosaidiwa na zana waliandika msimbo wenye usalama mdogo kuliko wasiosaidiwa, huku wakiwa na imani kubwa zaidi kwamba wako salama. Fikirini hiyo ikiwa programu ya kikoba chenu.

Wapo pia vijana wanaoniambia kwamba siku hizi mtu anaandika kwa hisia tu, anaiachia mashine, hata msimbo hausomi, na kwamba bingwa mmoja aliyeko Marekani kasema ndivyo inavyofaa. Bingwa huyo ni Andrej Karpathy, mtafiti wa akili mnemba, na alisema hayo Februari 2025. Alisema pia kwamba ni njia isiyo mbaya kwa vijiprogramu vya mwisho wa wiki, vya kutumia na kutupa. Sehemu hiyo haikufika Kigoma. Na yeye anaandika programu tangu zamani; akiamua kufumba macho, anajua amefumba mbele ya nini.

Nije sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi. Wapo wanaodhani kwa kuwa tuko mbali na vyuo vikubwa, basi sisi ndio tutumie njia ya mkato. Naona kinyume chake. Zana hizi zimelishwa maandishi mengi ya dunia, na maandishi ya dunia hayamjui mama wa Kibirizi. Hayajui kwamba mfanyabiashara wa hapa siku moja anashika shilingi, faranga za Burundi na faranga za Kongo, na kila moja ina bei yake ya asubuhi na ya jioni. Hayajui mgawanyo wa mapato kati ya mwenye chombo na wavuvi wake, kwamba mafuta ya taa na ya injini yanatoka kwanza. Hayajui kwamba mwaka 2024 uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu kupisha samaki wazaliane, na kwamba programu ya biashara ya dagaa isiyojua kuhesabu miezi hiyo itakupa makadirio ya mwaka yasiyo na maana. Haya yote lazima mtu wa hapa ayajue, ayaweke, na kesho yakibadilika ajue mahali pa kugusa.

Mnaifahamu Liemba, meli ya ziwa letu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaungwa upya, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, wakiwa wamepaka mashine zake grisi ili siku moja ziweze kufufuliwa. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Waliojenga walikuwa mbali. Miongo kwa miongo meli ile imekwenda Kasanga na Mpulungu na kurudi kwa sababu kulikuwa na watu kwenye mwambao huu waliojua tumbo lake lilivyo. Programu tunazoziagiza kwa mashine leo zinafika zimeungwa tayari, zinaelea siku hiyo hiyo, na hakuna hata mtu mmoja hapa aliyewahi kuona ndani. Siku mtandao umekatika, au kampuni imeanza kutoza kwa dola, au zana imebadilishwa, tunamwita nani?

Basi tufanyeje. Vijana, nitaanza na ninyi.

Miezi ya kwanza andika mwenyewe. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha programu, sema kwa sauti, au andika pembeni, unatarajia itoe nini. Ikitoa tofauti, umepata somo la siku, usilikimbie. Ikileta erori, isome. Nawaona wengi mkiona maandishi mekundu mnayakopi yote mnayapesti kwa akili mnemba bila kuyatupia jicho. Python inaweka aina ya kosa kwenye mstari wa mwisho, na juu yake inakuonyesha faili na namba ya mstari lilipotokea. Anza chini, panda juu. Ukikuta IndexError, ina maana umeomba kitu kwenye nafasi isiyokuwepo: una orodha ya vigunia vitano, nafasi zake zinaanza 0 hadi 4, wewe umeomba ya 5. Ukishalitambua kosa hilo kwa macho yako mwenyewe mara kadhaa, litakuwa lako maisha yote, na utaliona hata kwenye msimbo ulioandikwa na mashine.

Ukikwama kabisa, uliza, lakini uliza kama unavyomuuliza mwalimu. Iambie, "Nieleze kosa hili linamaanisha nini, usiniandikie msimbo." Iambie, "Niulize maswali mpaka nigundue mwenyewe." Inatii, mkijaribu mtaona. Chuo Kikuu cha Harvard kwenye CS50, somo lao la mwanzo la kompyuta, walitengeneza mwaka 2023 zana yao yenye sura ya bata, inayomwongoza mwanafunzi bila kumpa jibu kamili. Harvard wana walimu tele na fedha tele, na bado hawakuona sawa wanafunzi wao wapewe majibu tu. Baada ya kuandika programu yako ikafanya kazi, hapo iombe ikukosoe: wapi nimerefusha, wapi panaweza kuvunjika. Ukosoaji huo una thamani kubwa, kwa kuwa tayari una cha kulinganisha nao.

Itafika siku utaruhusiwa kuitumia utakavyo. Kipimo changu ni kimoja: nichague mstari wowote kwenye programu yako, zana ikiwa imefungwa, unieleze unafanya nini na ukiondolewa kitatokea nini. Ukiweza, andikiwa hata kurasa elfu, wewe ndiye mwenye programu.

Walimu wenzangu, ile kazi ya kumpa mwanafunzi aende nayo nyumbani alete Jumatatu haipimi tena kitu. Mwaka 2022, kabla hata ya ChatGPT, watafiti wa New Zealand walichukua maswali ya mitihani ya somo la mwanzo la programu chuoni, wakayapa zana ya OpenAI iitwayo Codex. Ilipolinganishwa na wanafunzi 71, ilishika nafasi ya 17. Kukagua nani amenakili ni kupoteza muda, na programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine zinawaonea wasio na hatia. Mkalishe mwanafunzi mbele yako na kazi yake, mwambie, "Mteja amebadili mawazo, sasa anataka hivi," umwangalie anapoanzia. Dakika kumi zinatosha. Najua madarasa ni makubwa. Wapangeni wahojiane wawili wawili, ninyi mzunguke.

Wazazi, hamna haja ya kununua laptopu ya bei mbaya wala bando la kila siku. Kompyuta ya mtumba iliyo nzima inatosha. Python inawekwa mara moja, ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina maelezo yake ndani. Kwa umri huu wa kujifunza, kompyuta isiyo na intaneti muda fulani ni msaada kuliko hasara.

Mtaniuliza kuhusu ajira, kwa kuwa ndilo swali la kila mzazi. Kazi zile za kuandika kurasa nyepesi za tovuti, zilizokuwa mlango wa vijana wengi kuingia kwenye fani, zinapungua, na sitawadanganya. Mwajiri anayeweza kuiagiza mashine kurasa hizo hatamlipa kijana anayeiagiza mashine ile ile. Atamlipa anayeweza kukaa na mwenye duka, mwenye chombo au muuguzi wa zahanati, amsikilize anavyofanya kazi yake, na asimame baadaye aseme programu hii ni sahihi na nikiulizwa nitajibu mimi. Mtu wa namna hiyo haandaliwi kwa miezi miwili.

Jumamosi ijayo tunaanza kundi jipya, saa tatu asubuhi. Mpaka saa sita mchana kompyuta zote hazitakuwa na mtandao, simu zitakaa mezani kwangu. Kuanzia saa sita hadi saa nane tunafungua mtandao, na kila mmoja atatumia akili mnemba kukosoa alichoandika asubuhi mbele ya wenzake. Kazi ya kwanza itakuwa programu ya mgawanyo wa mapato ya chombo; tumewaomba wavuvi wawili waje kutueleza wanavyogawana, kwa hiyo mje na daftari na maswali. Nafasi ni chache, mjiandikishe kwa katibu pale mlangoni kabla hamjatoka. Asanteni sana.